Kuvu za mizizi: kuzitunza, kuzizalisha na kuzifikisha kwenye mche

Ng'oa kitunguu kichanga, kisuuze mizizi yake taratibu kwenye beseni la maji, uitazame. Ni michache, minene, mieupe, na karibu haina vinyweleo. Mizizi ya namna hiyo peke yake hupata shida kuulisha mmea kwenye udongo wenye fosforasi kidogo. Kitunguu hukua kwa sababu ndani ya mizizi ile wamo wenyeji wengine: kuvu, ambazo nyuzi zake zimetoka nje ya mzizi na kusambaa udongoni sentimita kadhaa kila upande. Ushirika huu huitwa mikoriza, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, mwaka 1885. Wenyewe ni wa kale mno. Katika mawe ya Rhynie huko Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, mimea ya mwanzo ya nchi kavu imekutwa na kuvu za jinsi hii ndani ya mashina yake, na baadhi ya mimea hiyo hata mizizi ya kweli haikuwa nayo.

Wanachobadilishana ni hiki. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, haisafiri na maji kama inavyosafiri naitrojeni. Mzizi ukishanyonya iliyopo milimita moja au mbili kuuzunguka, umemaliza. Inabidi ukue kwenda kwingine. Uzi wa kuvu ni mwembamba kuliko kinyweleo cha mzizi, unapenya mahali ambapo mzizi hauingii, na unarudisha fosforasi, zinki na shaba hadi ndani ya mzizi. Mmea nao hulipa kwa sukari na mafuta yaliyotoka kwenye majani. Makadirio ya kawaida ni kwamba asilimia 4 hadi 20 ya kaboni inayovunwa na majani huishia kwa kuvu. Si malipo madogo, na ndiyo maana mmea hauko tayari kulipa wakati wowote tu, jambo tutakalolirudia kwenye mbolea.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja, kwa kuwa karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana nalo: kuvu za mikoriza za mazao ya shambani hazikui wala haziongezeki bila mzizi ulio hai. Hamira utaikuza kwenye maji ya sukari. Hizi hazikubali. Ukisikia mtu anazizalisha kwenye pipa lenye molasi bila mmea wowote, ujue anazalisha kitu kingine.

Hatua ya 1: Jua mmea wako uko upande gani

Takriban asilimia 70 ya aina za mimea ya nchi kavu hushirikiana na kuvu zinazoingia ndani ya chembe hai za mzizi. Humo yamo mahindi, mtama, ngano, mpunga wa nchi kavu, maharage na jamii yote ya mikunde, nyanya, pilipili, vitunguu, muhogo, viazi, kahawa, migomba, michungwa, miembe. Kwa macho huoni chochote. Mzizi wenye kuvu na usio nazo hufanana.

Wapo wanaotegemea sana na wanaotegemea kidogo. Vitunguu, muhogo na michungwa wako kundi la kwanza: muhogo, kwa mfano, una mizizi minene isiyo na vinyweleo vya kutosha, na ukipandwa kwenye udongo maskini uliouawa kuvu zake hudumaa vibaya. Ngano na nafaka nyingine zenye mizizi myembamba mingi hujitegemea zaidi.

Wako pia wasiotaka kabisa. Kabichi, sukuma wiki, haradali, figili na ndugu zao hawana ushirika huu. Mchicha, spinachi na bitiruti vivyo hivyo. Kuwawekea kuvu ni kutwanga maji kwenye kinu, hata kama maandishi kwenye mfuko wa kuvu za dukani yanasema zinafaa mazao yote.

Misonobari, mialoni na miti ya miombo ina kuvu za kabila jingine, zinazouvika mzizi kwa nje. Nitazigusia mbele kidogo.

Hatua ya 2: Uulize udongo wako kwanza

Watu wengi huruka hatua hii na kukimbilia kuongeza kuvu mahali ambapo zimejaa tele. Jaribio la vyungu halihitaji maabara, ila linahitaji subira ya miezi miwili mitatu.

Chukua udongo wa shambani kina cha sentimita 20, uchanganye vizuri, uugawe mafungu mawili. Fungu moja liloweshe kidogo, liweke kwenye chombo chenye kifuniko na ulipike kwa mvuke kwa nusu saa au zaidi, mpaka katikati pawe pamoto kweli kweli. Rudia kesho yake. Usipande papo hapo. Udongo uliopikwa huachia amonia na manganizi inayoweza kuunguza miche, kwa hiyo uanike wazi kivulini kama wiki mbili.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Joto limeua bakteria pia, si kuvu peke yake. Koroga konzi ya udongo mbichi kwenye lita moja ya maji, chuja kwa karatasi ya kuchujia, na maji hayo uyamwagie udongo uliopikwa. Bakteria wengi wanapita kwenye karatasi, spora (viini vya uzazi) za kuvu nyingi ni kubwa mno kupita. Sasa mafungu yako yanatofautiana zaidi kwa kuvu, na hicho ndicho unachokipima.

Panda vitunguu au liki katika vyungu vitatu vinne vya kila fungu, mahali pamoja, maji sawa, bila mbolea ya fosforasi. Baada ya wiki nane hadi kumi linganisha. Miche ya udongo mbichi ikiwa imeizidi ile mingine kwa wazi, kuvu zipo na zinafanya kazi; ruka hadi hatua ya 3 na uishie hapo. Ikilingana, ama kuvu hazipo au fosforasi ni nyingi kiasi kwamba hazihitajiki, na kipimo cha udongo ndicho kitakachoamua. Miche ya udongo mbichi ikiwa dhaifu kuliko ya udongo uliopikwa, shamba lina ugonjwa au minyoo ya mizizi, na tatizo lako la kwanza ni hilo.

Hatua ya 3: Acha kuziua

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko yote, na hakuna cha kununua.

Usiache ardhi uchi muda mrefu. Katika jimbo la Queensland nchini Australia wakulima walikuwa wakiacha mashamba bila mmea wowote zaidi ya mwaka ili yatunze maji, na mazao yaliyofuata yakadumaa yakionyesha njaa ya fosforasi na zinki, ingawa udongo ulikuwa umepumzika. Uchunguzi uliotolewa katika miaka ya 1980 ulionyesha kilichopungua ni kuvu: hakukuwa na mzizi wa kuzilisha. Kwa hiyo mara baada ya kuvuna weka kitu kinachoota, mikunde ya kufunika ardhi ikiwezekana. Hata magugu ya kawaida ya msimu wa kiangazi, usiyoyaacha yatoe mbegu, ni bora kuliko vumbi tupu. Najua ushauri huu hauwapendezi wanaopenda shamba lifagiliwe kama uwanja.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukitoka kwenye kabichi usiende moja kwa moja kwenye vitunguu. Msimu mzima wa kabichi, kwa kuvu, ni karibu sawa na msimu wa ardhi tupu. Pitisha mahindi au maharage katikati, au changanya mistari.

Punguza kutifua. Kulima kwa kina hukata mtandao wa nyuzi ambao mche mchanga ungeukuta tayari na kuunganishwa nao ndani ya siku chache. Kuvu hazifi zote, kwani zinaota upya kutoka kwenye spora na vipande vya mizizi ya zamani, ila mche unapoteza wiki zile za mwanzo ambazo ndizo unazohitaji fosforasi zaidi. Kama lazima ulime, lima mstari wa kupandia tu.

Mbolea ya fosforasi inahitaji busara. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hutoa udongoni kemikali ziitwazo strigolaktoni, nazo huzifanya nyuzi za kuvu zichanue matawi na kuufuata mzizi. Mmea ulioshiba fosforasi hupunguza wito huo na hufunga mlango. Hakuna ubaya wowote umetendeka. Mmea umeona hauna haja ya kulipa sukari kwa kitu unachokipata bure. (Strigolaktoni hizo hizo ndizo zinazoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Gugu limejifunza kusikiliza mazungumzo yasiyo yake.) Pima udongo, weka kiasi kinachopungua tu, kiweke karibu na mbegu badala ya kutapanya shamba zima. Kumbuka samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi, na anayeimwaga kila msimu anaweza kuwa amezifungia kuvu mlango bila kugusa mfuko wa mbolea ya viwandani.

Lakini tusidanganyane upande wa pili: kuvu hazitengenezi fosforasi. Zinaifuata ilipo. Shamba lililovunwa miaka mingi bila kurudishiwa chochote litahitaji mbolea, uwe na kuvu au usiwe nazo. Wala hazichukui nafasi ya bakteria wa vinundu vya mikunde wanaonasa naitrojeni hewani; hao ni wageni wengine kwenye mzizi uleule, na mikunde huwahitaji wote wawili.

Dawa za kuua ukungu: zinazomwagwa udongoni ndizo mbaya zaidi. Benomili na kabendazimu zinajulikana kwa kuzidhoofisha kuvu hizi, kiasi kwamba watafiti wametumia benomili makusudi kuziondoa kwenye majaribio. Dawa zinazopuliziwa majani kwa kipimo sahihi kwa kawaida madhara yake ni madogo. Metalaksili, ya kudhibiti bakajani, inalenga viumbe ambavyo si kuvu halisi, hivyo haizigusi sana.

Hatua ya 4: Zalisha mbegu ya kuvu mwenyewe

Fanya hivi kama una kitalu kinachotumia udongo uliopikwa au mchanga, kama shamba lilikaa uchi, au kama tabaka la juu lilisombwa na maji. Miche ya vitalu ndiyo inayoathirika zaidi. Huko Marekani vitalu vya michungwa vilivyofukizwa dawa ya kuua kila kitu udongoni vilitoa miche iliyodumaa, na kwa muda sababu ikadhaniwa ni sumu iliyobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kasoro ilikuwa kukosekana kwa kuvu. Zilipoletwa, miche ikainuka.

Tafuta chanzo. Kinachofaa ni udongo wa mahali pasipochimbwa kwa miaka, penye nyasi, mikunde na vichaka vilivyochanganyika, na unaofanana na udongo wa shamba lako kwa uchachu na rangi. Kingo za shamba mara nyingi zinatosha. Ondoa majani yaliyooza ya juu, chimba sentimita 20, chukua udongo pamoja na mizizi yake myembamba. Usichukue chini ya misonobari. Usichukue palipo na mmea unaonyauka, wala penye mizizi yenye mafundo mafundo, maana utakuwa unafuga minyoo fundo na kuisambaza kwa mikono yako.

Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu tatu au nne za mchanga mnene uliooshwa na kupikwa kwa mvuke. Mchanga una kazi mbili: hauna fosforasi, na mwisho wa safari mizizi hutoka kwa urahisi. Jaza ndoo za lita 10 hadi 20 zilizotobolewa chini. Ziinue juu ya matofali. Ndoo iliyokaa chini huingiza wadudu na udongo wa jirani.

Panda mimea ya kulishia kuvu, kwa wingi kuliko kawaida: mbegu tano sita za mtama au mahindi kwa ndoo, pamoja na mikunde michache au vitunguu. Kuchanganya familia ni muhimu, kwani kila mmea hupendelea aina fulani za kuvu kuliko nyingine. Usitumie ndugu wa zao unalolikusudia. Mbegu ya kuvu ya kitalu cha nyanya isikuzwe kwenye nyanya, bilinganya wala pilipili, kwa kuwa magonjwa yao yatakuja pamoja na kuvu. Kwa mboga tumia mtama. Kwa nafaka tumia vitunguu na mikunde.

Mwagilia kiasi, udongo uwe na unyevu lakini usitote, kwani kuvu zinahitaji hewa. Mimea itaonekana minyonge kidogo, majani ya chini yatapata rangi ya zambarau. Usiihurumie. Njaa hiyo ya fosforasi ndiyo inayoita kuvu. Majani yakigeuka manjano yote, ipe mimea naitrojeni kidogo peke yake, kamwe isiwe mbolea mchanganyiko.

Baada ya miezi mitatu minne, mtama ukiwa umetoa suke, acha kumwagilia kabisa kwa siku 10 hadi 14. Mmea unapoanza kufa kwa kiu, kuvu huhamishia akiba yake kwenye spora. Kata mashina usawa wa udongo, acha ndoo kivulini siku chache nyingine, kisha pindua yote kwenye turubai. Utaona mizizi imefumana na mchanga hata kipande kikishikwa hakimomonyoki. Nyuzi za kuvu zina mchango kwenye mshikamano huo. Toa mizizi, ikatekate vipande vya sentimita moja au chini yake, irudishe kwenye mchanga na uchanganye. Hiyo ndiyo mbegu: spora, nyuzi na vipande vya mizizi kwa pamoja. Ikinuka uvundo, ilikuwa na maji mengi, itupe.

Ihifadhi kavu, kwenye mfuko unaopitisha hewa, kivulini mahali pa baridi. Jua la siku moja juu ya mfuko wa plastiki linatosha kuiharibu. Vipande vya mizizi hufa mapema, spora huvumilia zaidi, hivyo itumie ndani ya msimu. Bakiza kidogo cha kuanzishia ndoo zijazo, lakini kila baada ya mizunguko michache ongeza udongo mpya wa kingo, la sivyo utabaki na aina mbili tatu zinazopenda maisha ya ndoo.

Hatua ya 5: Iweke mahali mzizi utakapopita

Kuimwaga juu ya udongo ni kuitupa. Spora haina miguu, na uzi unaoota kutoka kwake hufika umbali mdogo kabla ya kuishiwa akiba.

Kwenye kitalu changanya sehemu moja ya mbegu ya kuvu na sehemu 10 hadi 20 za udongo wa viriba. Wakati wa kupandikiza, weka vijiko viwili vya chakula kwenye shimo, mizizi ya mche ikae juu yake moja kwa moja. Muhogo unapandwa kwa kipande cha shina kisicho na mizizi, basi iweke chini ya kipande na pembeni ya pingili zitakazotoa mizizi.

Sasa piga hesabu. Mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ni mashimo kama 44,400 kwa hekta. Ukiweka gramu 20 kila shimo unahitaji karibu kilo 890. Mtu wa ndoo hafiki huko, na hana haja ya kufika. Elekeza nguvu kwenye miche ya kitaluni, ambapo ndoo moja huhudumia mamia ya viriba. Mashamba ya nafaka yahudumie kwa hatua ya 3.

Hatua ya 6: Misonobari na wenzake

Kuvu zao huonekana. Vuta mizizi midogo ya msonobari chini ya majani yaliyooza, utaona ncha fupi, nene, zilizogawanyika pacha pacha na kuvikwa ngozi nyeupe, ya njano au ya kahawia. Nyingi ya kuvu hizi hutoa uyoga juu ya ardhi. Kisiwani Puerto Rico misonobari iliyojaribiwa tangu miaka ya 1930 ilikuwa ikifa michanga, mpaka mwaka 1955 ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari ya North Carolina; iliyopata udongo huo ikastawi.

Kazi yako ni nyepesi: chukua udongo wa juu wenye ncha za namna hiyo chini ya miti mikubwa ya aina ileile, changanya moja kwa kumi kwenye udongo wa kitalu. Usiuvushe mpaka wa nchi. Nchi nyingi hukataza, na zina sababu, kwa kuwa magonjwa ya miti husafiri vivyo hivyo. Mikaratusi hutumia kabila zote mbili za kuvu. Kuhusu zile simulizi kwamba miti ya msituni hutumiana chakula na maonyo kupitia nyuzi, zilipata nguvu tangu utafiti wa Suzanne Simard nchini Kanada mwaka 1997, lakini mapitio ya kisayansi ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba ushahidi wa msituni ni mwembamba kuliko simulizi. Kitalu chako hakizihitaji.

Hatua ya 7: Ukitaka kununua, na ukitaka kuhakikisha

Vipimo huru vimewahi kukuta bidhaa za dukani ambazo hazikuleta kuvu hata moja kwenye mzizi. Soma lebo: jina la aina, mfano Rhizophagus irregularis au Funneliformis mosseae, idadi ya viini hai kwa gramu, tarehe ya mwisho. Lebo isiyo na haya matatu, uiache. Pia tazama kama unga umechanganywa na mbolea, maana majani yatakayokuwa kijani huenda ni kazi ya mbolea.

Uthibitisho wa kweli uko kwenye hadubini, hata ya shule. Chukua mizizi myembamba ya wiki sita hivi, ioshe, ichemshe dakika tatu hadi tano kwenye myeyusho wa asilimia 10 wa hidroksidi ya potasiamu. Vaa glavu na miwani, dawa hii inachoma ngozi na macho. Suuza mara kadhaa kwa maji. Chemsha tena dakika tatu kwenye siki nyeupe yenye asilimia 5 ya wino mweusi wa kalamu ya wino, kisha iache dakika 20 kwenye maji yenye matone ya siki. Mzizi hubaki mweupe, kuvu hushika wino. Ukikuza mara 100 utaona nyuzi zikipita kati ya chembe na vifuko vya mviringo vilivyojaa mafuta. Ukikuza mara 400, ndani ya chembe zenyewe, vijitawi vilivyosongamana ambako fosforasi na sukari hubadilishana mikono.

Tazama vipande 30 angalau kabla ya kutoa hukumu. Ukikuta mizizi mitupu kwenye mche uliowekewa mbegu ya kuvu, usikimbilie kuanza ndoo upya. Angalia kwanza kiwango cha fosforasi kwenye udongo wa kiriba na samadi uliyochanganya, kisha dawa zilizomwagwa. Vyote vikiwa sawa, chota mbegu ileile, pandia vitunguu kwenye mchanga uliopikwa, na upime tena baada ya wiki sita: hapo utajua kama iliyokufa ni mbegu yako au ni udongo wa kitalu ulioikataa.